Sigara Huachwa kwa Maandalizi: Dawa Mkononi, Wenzi Barazani



Katika mitaa ya Ngamiani, Chumbageni na Makorora, na kote pwani kuelekea Pangani na Mkinga, mtu anayetaka kuacha sigara mara nyingi huitangaza nia yake kwa namna moja. Huivunja pakiti mbele ya watu, huitupa jaani, na kuapa kwamba hatashika tena. Siku ya tatu huonekana dukani akinunua moja, kwa haya, akiwa ameipa mgongo barabara. Wenzake humcheka, na mtaa hutoa hukumu: hana msimamo.

Hukumu hiyo si ya haki. Mtu huyo hakupungukiwa na msimamo. Alipungukiwa na maandalizi. Aliingia baharini bila kutazama upepo wala kuuliza saa ya maji, kisha akalaumiwa kwa kurudi nchi kavu akiwa amelowa.

Nikotini iliyomo katika tumbaku hufika ubongoni ndani ya sekunde chache baada ya moshi kuvutwa. Ubongo uliozoeshwa hivyo kwa miaka huidai haki yake kila baada ya saa moja au mbili. Inapokosekana ndipo huja ile hali ambayo vijana wa mitaani wameipa jina la arosto: hasira ya karibu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoshiba, mawazo yasiyotulia. Arosto huanza ndani ya saa chache, hupanda kilele katika siku 3 za mwanzo, na kwa watu wengi hupungua sana baada ya wiki 2 hadi 4. Basi yule anayerudi dukani siku ya tatu anarudi katika saa ngumu kuliko zote. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba katika kila watu 100 wanaojaribu kuacha peke yao bila msaada wowote, wanaofika miezi 6 au mwaka bila kuvuta ni kama 3 hadi 5 tu. Walioshindwa wote hao hawawezi kuwa watu wasio na msimamo. Miongoni mwao wamo wanaoamka saa 9 usiku kwenda kazini, wanaolea yatima, na waliojenga nyumba tofali kwa tofali.

Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika mwaka 2018 ulikadiria kuwa Watanzania milioni 2.6 wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wakitumia tumbaku. Hao ni asilimia 8.7 ya watu wa umri huo. Kwa wanaume pekee ni asilimia 14.6, na kwa wanawake ni 3.2. Hesabu hiyo inajumuisha pia ugoro na tumbaku ya kutafuna, jambo linaloihusu pwani, ambako tumbaku hupita vilevile ndani ya tambuu bila kuitwa tumbaku.

Njia inayopendekezwa hapa ina nguzo mbili: dawa, na wenzi waliopita njia hiyohiyo. Si njia ngeni Tanga. Wakazi wamekwisha kuiona ikifanya kazi katika maradhi mazito kuliko haya. Katika huduma za virusi vya ukimwi, mtu aliyeanzishiwa dawa hakuachwa na kopo lake la vidonge. Alikutanishwa na WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi hivyohivyo na kumeza dawa hizohizo, waliomweleza jambo ambalo daktari hakuweza kulieleza kwa sababu hakuliishi. Ndivyo ilivyo pia kwa methadoni, dawa wanayopewa waathirika wa heroini. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011, na sasa hutolewa pia hapa Tanga katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Mtu hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, na wengi hufikishwa kliniki kwa mara ya kwanza na waelimishaji rika ambao wenyewe walikuwa maskani jana. Wako waliokuwa wameandikwa na familia zao katika orodha ya waliopotea, na leo wanashika kazi.

Ajabu ni kwamba sigara, inayoua watu wengi zaidi duniani kuliko heroini, haijapewa heshima hiyo ya kutibiwa. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa udhibiti wa tumbaku mwaka 2007, na Ibara ya 14 ya mkataba huo inahusu mambo haya haya ya kuwasaidia watumiaji kuacha. Hata hivyo barazani bado sigara huhesabiwa kuwa suala la uanaume: ukitaka utaacha.

Maandalizi huanza na kuchagua siku. Siku hiyo iwe ndani ya wiki 2 zijazo, isiwe leo wala isiwe mwakani. Muda huo hutumika kuandika, katika daftari au nyuma ya kalenda, kila sigara inayovutwa na sababu yake: ya alfajiri kabla ya chai, ya baada ya kula, ya kungojea abiria, ya barazani, ya hasira. Baada ya siku 4 au 5 mvutaji hugundua kwamba sigara zake zina ratiba kama treni, na kwamba zile ngumu kweli ni 3 au 4 tu. Hizo ndizo za kupangiwa mbinu. Nyingine hufuata.

Siku yenyewe ichaguliwe kwa kutazama kazi ya mtu. Mvuvi wa dagaa anayeshusha Deep Sea anajua kwamba mbalamwezi ikiwa pevu taa za chombo hazivuti samaki, na mabaharia hupumzika nyumbani. Kwa mmoja, siku hizo za nyumbani ni nafasi nzuri ya kuanza, kwa kuwa yuko mbali na baridi ya usiku na sigara za kupeana chomboni. Kwa mwingine, mapumziko ni kukaa bure, na kukaa bure ni kuvuta. Huyo ni afadhali aanze wakati kazi imemshika. Daftari ndilo litakalomwambia yeye ni yupi. Dereva wa bodaboda naye asianze wiki ya sikukuu, akiwa na usingizi wa saa 3 na abiria wasiokwisha.

Uko pia mwezi wa Ramadhani, na hapa pana jambo ambalo halitumiwi inavyostahili. Mfungaji anayevuta sigara 15 kwa siku hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila hata moja. Ni zaidi ya saa 13, kwa siku 29 au 30 mfululizo. Mtu huyu tayari ameonyesha kwamba anaweza kuikabili arosto mchana kutwa. Kinachomwangusha ni baada ya futari, anapolipiza deni lote kati ya magharibi na daku. Ikiwa atafika mwezi huo akiwa na siku iliyochaguliwa na dawa ya kumsaidia usiku, nusu ya kazi itakuwa imekwisha fanywa na ibada yake. Bigijii ya nikotini haitafunwi mchana wa saumu, hilo halina utata. Ama suala la kibandiko cha ngozini, mfungaji amuulize sheikh wake mapema, kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu dawa zenyewe, ni vyema kuanza kwa kuondoa hofu. Watu husema, "Unaacha nikotini kwa kutumia nikotini, umefanya nini?" Kinachoua mvutaji kwa saratani, kwa moyo na kwa mapafu ni moshi kwa sehemu kubwa mno: lami yake, hewa ya ukaa yenye sumu, na kemikali nyingi zinazozaliwa tumbaku inapoungua. Nikotini ndiyo inayomrudisha mtu kwenye moshi huo. Kumpa nikotini kidogo isiyo na moshi, kisha kuipunguza hatua kwa hatua, ni kumtoa mtu kwenye nyumba inayoungua kwa kutumia ngazi badala ya kumwambia aruke. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hizi za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwaka 2021 likaongeza vidonge viwili visivyo na nikotini, bupropioni na varenikilini. Na mwaka 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, likisisitiza kuwa dawa na ushauri viende pamoja.

Kibandiko cha nikotini hubandikwa asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na vinyweleo vingi, begani au kifuani, na kesho yake hubandikwa kipya mahali pengine ili ngozi isiwashe. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na chenye nguvu zaidi, miligramu 21, kisha hushuka. Matibabu yote huchukua kama wiki 8 hadi 12. Kwa joto la Tanga na jasho la kazi ya kubeba mizigo, kibandiko huweza kubanduka. Kifutwe kwanza kiwambo cha jasho na mafuta ya ngozi, na kiganja kikigandamize kwa muda. Kikileta ndoto za kutisha usiku, hutolewa wakati wa kulala.

Bigijii ya nikotini ndiyo inayokosewa zaidi. Haitafunwi kama ile ya watoto. Hutafunwa polepole mpaka ukali wake usikike, kisha huwekwa kati ya shavu na ufizi ipumzike. Ukali ukipotea hutafunwa tena kidogo. Huendelea hivyo kwa nusu saa. Anayeitafuna kwa pupa huimeza nikotini, hushikwa na kwikwi na kiungulia, kisha huenda kusema dawa haifai. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka huhitaji ile ya miligramu 4. Wengine huanza na 2. Kutumia kibandiko pamoja na bigijii huleta matokeo bora kuliko kimoja pekee, kwa kuwa kibandiko hushika siku nzima na bigijii hukabili ile saa ya ghafla.

Varenikilini huanza kumezwa wiki 1 kabla ya siku ya kuacha, na bupropioni wiki 1 hadi 2 kabla. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutotupa pakiti kwa hasira: dawa inahitaji muda wa kutangulia. Varenikilini huweza kuleta kichefuchefu, hivyo humezwa baada ya kula na kwa glasi nzima ya maji. Bupropioni haifai kwa mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege. Vidonge hivi viwili ni vya kuandikiwa na daktari, havinunuliwi kwa kuelekezwa na jirani. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa moyo na kijana aliye chini ya miaka 18 wasijianzishie dawa yoyote kati ya hizi. Anayetumia dawa za magonjwa ya akili naye amweleze daktari kwamba anaacha sigara, kwani moshi hubadilisha jinsi mwili unavyozitumia baadhi ya dawa hizo, na kipimo huweza kuhitaji kurekebishwa.

Ni lazima isemwe wazi kwamba dawa hizi si za kukutwa katika kila duka la dawa wala kila zahanati. Kwa hiyo swali la dawa huulizwa kabla ya kuchagua siku. Mkazi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, aulize kinachopatikana, bei yake na mahali pa kupewa rufaa. Swali hilo lina manufaa hata pale jibu linapokuwa "hakuna": kituo kisichoulizwa kitu hakina sababu ya kukiagiza. Anayeshtushwa na gharama apige hesabu ya upande wa pili. Ikiwa sigara moja anainunua kwa shilingi 200 na anavuta 10 kwa siku, ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na haulizwi na mtu. Na mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi asiishie kuuliza habari za sigara. Apimwe kifua kikuu siku hiyohiyo, kwa sababu uvutaji huongeza maradufu hatari ya ugonjwa huo.

Sasa kahawa. Katika mji ambao baraza halikamiliki bila muuza kahawa na vikombe vyake vinavyogongana, hili ni suala la uzito. Kahawa na sigara zimeoana. Kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza, bigijii ya nikotini haifanyi kazi vizuri kinywani penye kahawa au soda. Isubiri robo saa. La pili ni kubwa zaidi. Moshi wa sigara huufanya mwili uiondoe kafeini haraka. Mtu akiacha kuvuta, kikombe kilekile huanza kukaa mwilini muda mrefu zaidi. Aliyezoea vikombe 6 hujikuta ana mapigo ya moyo, mikono inatetemeka, usingizi haupo, naye hudhani ni arosto na kurudi kwenye sigara. Kumbe ni kahawa. Apunguze kwa nusu tangu siku ya kwanza. Hakuna anayemwambia aihame baraza.

Na kuhusu baraza, shauri la kawaida la vitabuni ni kuwaepuka wavutaji. Kwa mtu wa pwani shauri hilo halitekelezeki. Wavutaji ni kaka zake, mashemeji zake, wenzake wa chombo na wa swala. Akijitenga nao kwa miezi 3 atakuwa amepoteza zaidi ya sigara. Linaloweza kufanyika ni kulifanya baraza lenyewe libadilike kidogo, na hapo ndipo nguzo ya pili inapoingia.

Wawili au watatu wa baraza moja wachague siku moja. Waelimishaji rika wamefundisha kwamba mtu huvumilia zaidi asipokuwa peke yake, lakini pia kwamba anahitaji mmoja aliyetangulia. Hivyo kikundi kimtafute mkazi aliyeacha mwaka mmoja au zaidi uliopita, hata akiwa wa mtaa wa pili. Huyo hahitaji cheti. Kazi yake ni kusema ukweli: kwamba siku ya tatu alimfokea mkewe bila sababu, kwamba wiki ya pili alikula mno, kwamba hamu ikija ghafla hudumu dakika chache tu hata kama hazionekani chache, na kwamba alinyanyuka akaenda kunawa uso ikapita. Mvutaji husikia kutoka kwake jambo ambalo bango la hospitalini haliwezi kumwambia.

Kikundi pia kifanye mazoezi ya kukataa, jambo linaloonekana la kitoto mpaka siku linapohitajika. Sigara pwani ni stahi. Mkubwa akikunyooshea pakiti, kusema "sitaki" ni kama kumrudishia salamu yake. Wako walioona kwamba neno linalopokelewa bila chuki ni hili: "Ahsante kaka, niko kwenye dozi." Mtu aliye kwenye dozi hashawishiwi. Anaombewa dua, na pakiti hurudi mfukoni. Anayesema "nimeacha" hubishiwa; anayesema yuko kwenye dozi huulizwa tu imebaki siku ngapi.

Nyumbani nako pana kazi. Mke, mama au dada aelezwe tarehe mapema, na aelezwe kuwa ukali wa wiki ile haumhusu yeye. Kiberiti cha gesi na kisahani cha majivu vitoke ndani usiku wa kuamkia siku hiyo. Watoto wasitumwe tena dukani kununua sigara, si kwa ajili ya baba pekee. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na muuzaji anayempa mtoto "kwa kuwa ametumwa na baba" anavunja sheria. Shisha isichukuliwe kuwa njia ya kutokea: ni tumbaku ileile, kwa moshi mwingi zaidi.

Wengine watateleza. Atavuta moja msibani, au usiku chombo kilipoharibika mashine. Sigara moja haifuti wiki 3, kinachofuta ni uamuzi unaofuatia, kwamba "kwa kuwa nimekwisha haribu, acha niendelee." Aliyeteleza aendelee na dawa yake kama kawaida, amweleze mwenzake siku hiyohiyo, na aliandike tukio katika lile daftari. Wengi walioacha moja kwa moja walijaribu mara kadhaa kabla.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza, kukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 12 kunatosha, na mahali popote palipo na kivuli panafaa. Mwezi wa kwanza, mmoja wao awe na simu za wote, na wiki ile ya mwanzo ampigie kila mmoja jioni, saa ambayo daftari lake lilionyesha kuwa ngumu. Asiyepokea simu siku 2 apelekewe mtu nyumbani kabla ya magharibi kumjulia hali, na anayekwenda asiulize habari za sigara mpaka mwenyeji azitaje.